Nimefinyanga kwa miaka 24 na sasa kikohozi hakiniachi: je, ni vumbi la udongo?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 52, na kazi iliyonilisha pamoja na watoto wangu ni ufinyanzi. Kwa miaka 24 nimefanya kazi katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, gurudumu, meza ndefu iliyofunikwa turubai, rafu za kukaushia vyombo na tanuri lililo pembeni. Miaka ya mwanzo nilikuwa peke yangu. Sasa ninafanya kazi na binti yangu wa miaka 21, na yupo kijana mmoja anayetusaidia kuchanganya udongo na ule unga wa kung'arishia vyombo.

Kwa muda wa miezi minne ninakohoa, hasa asubuhi ninapoamka. Makohozi ni machache na hayana damu, lakini ngazi ambazo nilizoea kuzipanda nikiwa nimebeba ubao wa vikombe sasa zinanilazimisha kusimama katikati ili nipate pumzi. Sijawahi kuvuta sigara. Nimekwenda kwenye zahanati mara tatu. Mara mbili nilipewa dawa ya kikohozi, na mara ya tatu nikapewa viuavijasumu. Hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani, nami sikusema, kwa kuwa haikunijia kwamba kazi yangu inahusika.

Hofu imenishika baada ya kukutana na mwenzangu wa zamani, ambaye tulijifunza ufinyanzi pamoja. Ameambiwa ana silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi. Kilichonishangaza ni kwamba aliacha kazi hii miaka sita iliyopita, na bado anasema pumzi zake zinazidi kupungua kila mwaka.

Niliporudi kazini nilianza kutazama mambo ambayo sikuwa nikiyaona. Kila jioni huwa tunafagia. Jua la saa kumi na moja linapoingia dirishani, ninaliona vumbi likielea kama moshi, na huwa tunawasha feni ili lipungue. Binti yangu hulainisha mabakuli makavu kwa msasa akiwa ameyaegemeza kifuani. Kijana wetu humimina magunia ya unga akiwa amefunga kitambaa puani. Na mimi, nikifika nyumbani, mjukuu wangu hukimbilia mapajani mwangu kabla sijavua aproni.

Naomba unijibu bila kunificha. Udongo ni kitu cha asili. Unaweza kweli kuharibu mapafu? Kikohozi changu ndicho hicho? Wapo wanaosema kuna vinywaji vya kusafisha kifua, vinasaidia? Na je, nimwachishe binti yangu kazi hii?

Mama Mfinyanzi

*

Mama Mfinyanzi,

Salamu zako nimezipokea, na barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo kila moja lina haraka yake: mwili wako, ambao tayari una dalili na unapaswa kupimwa wiki hii, na chumba chenu cha kazi, ambacho mnaweza kuanza kukibadilisha jioni ya leo. Niruhusu nianze na mwili wako.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili ni sababu tosha ya kupimwa kifua kikuu, na chako kina miezi minne. Sisemi kwamba una kifua kikuu, wala sisemi kwamba una silikosisi. Kikohozi na kukosa pumzi vinaweza kuletwa pia na pumu, mkamba sugu, moyo uliochoka na maradhi mengine, na hakuna mtu anayeweza kuyatenganisha hayo kwa kusoma barua. Ninachokisema ni kwamba mtu aliyevuta vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe na udongo, kwa miaka mingi huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu kuliko mtu mwingine, na hatari hiyo haiishi siku anayoacha kazi. Kwa hiyo nenda hospitali yenye daktari wa kifua, au angalau yenye mashine ya eksirei, na usikubali kuondoka na chupa nyingine ya dawa ya kikohozi kabla makohozi yako hayajapimwa na kifua chako hakijapigwa picha.

Hapo ndipo ninapokuomba ufanye jambo moja ambalo halikufanyika katika safari zako tatu za zahanati. Kaa chini na karatasi, uandike historia ya kazi yako: ulianza mwaka gani, ulifanya kazi kwa saa ngapi kwa siku, mlikuwa mkichanganya unga mkavu au mkinunua udongo uliokwisha kulowekwa, mlikuwa mkifagia au mkipangusa kwa maji, na ni nani mwingine wa kazi hiyo aliyeugua. Daktari akiitazama picha ya kifua bila kuijua kazi ya mgonjwa, madoa madogo ya silikosisi anaweza kuyadhania kuwa kifua kikuu, na mgonjwa akameza dawa kwa miezi bila nafuu. Au akaona kifua kikuu peke yake, na silikosisi iliyojificha nyuma yake isitambuliwe. Shirika la Kazi Duniani lina utaratibu wake maalumu wa kusoma picha za vifua vya watu waliovuta vumbi, na mtaalamu aliyefunzwa utaratibu huo ndiye anayefaa kuiona picha yako ikiwezekana. Omba pia kipimo cha kupuliza, ambacho humtaka mtu avute pumzi yote anayoweza kisha aitoe kwa nguvu ndani ya mrija, ili ijulikane mapafu yanabeba hewa kiasi gani na yanaitoa kwa kasi gani. Pale ambapo picha ya kawaida haitoshi, daktari anaweza kuagiza CT, yaani picha ya kina zaidi ya kifua, ambayo huonyesha mambo ambayo eksirei haiyaoni.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Ndiyo, udongo ni wa asili, lakini mapafu hayaulizi kitu kimetoka wapi. Udongo wa kufinyangia huwa na silika ndani yake, nayo iliyo katika umbo la fuwele, ambayo aina yake ya kawaida huitwa kwatzi, ndiyo inayodhuru. Kiasi chake hutofautiana kati ya udongo na udongo. Katika ule unga wa kung'arishia vyombo, silika mara nyingi huwekwa ikiwa imesagwa laini kabisa, na ndiyo sababu kijana wenu, anayemimina magunia, huenda ndiye anayesimama mahali pabaya kuliko nyote.

Udongo ukiwa mbichi hauna tatizo hili. Unaweza kuukanda, kuuzungusha kwenye gurudumu na kuupaka mikono hadi viwiko. Silika iliyofungwa na maji haiingii kifuani. Hatari huanza pale udongo unapokauka kisha ukaguswa: uji wa udongo uliodondoka sakafuni ukakanyagwa siku ya pili, kombo lililokaukia kwenye turubai, bakuli linalosuguliwa kwa msasa, aproni inayokung'utwa mlangoni. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya vumbi lenu haitoki kwenye ufinyanzi wenyewe, inatoka kwenye usafi.

Uliniandikia kuhusu vumbi unaloliona kwenye jua la jioni. Hilo unaloliona vizuri, kwa sehemu kubwa, ni vumbi nene, na pua na koo hulikamata nyingi yake ukalitoa kwa kamasi na makohozi. Linaloua ni lile ambalo jicho halilioni. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita; chembe zinazofika mwisho kabisa wa mapafu, kwenye viribahewa, huwa chini ya mikromita 10, na nyingi ziko chini ya 5. Chembe ndogo kiasi hicho hukaa hewani kwa saa nyingi baada ya ufagio kuwekwa chini. Kwa hiyo mnapofagia jioni na kuwasha feni, chumba kinaonekana safi kwa sababu vumbi zito limetua, ilhali lile jembamba feni inalizungusha kutoka kona hadi kona huku nyinyi mkikunja turubai na kupanga rafu.

Chembe ya silika ikishafika kwenye kiribahewa, mwili hutuma seli zake za ulinzi ziimeze, kama zinavyomeza vijidudu. Lakini fuwele hii haisagiki. Seli iliyoimeza hujeruhiwa, hufa, na chembe hubaki pale pale ikisubiri seli nyingine ije kuimeza na kufa vilevile. Katika mapambano hayo yasiyokwisha, mwili hujenga kovu kuizunguka chembe, kisha kovu jingine, hadi panatokea vinundu vigumu, mara nyingi katika sehemu za juu za mapafu. Pafu lenye kovu halitanuki vyema na halipitishi hewa safi kwenda kwenye damu kama linavyopaswa. Aina ya kawaida ya silikosisi huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kuonekana. Vumbi likiwa jingi sana, huweza kuja kati ya miaka 5 na 10.

Hapo ndipo lilipo jibu la mwenzako. Aliacha kazi, lakini vumbi halikuachana naye. Chembe zilizokwishaingia bado zimo, na mapambano ninayoyaeleza yanaendelea hata kama hajagusa udongo tangu miaka sita iliyopita. Mfikishie ujumbe kwamba anahitaji kuendelea kuonekana na daktari kila mwaka na kupimwa kifua kikuu, hata siku anazojisikia vizuri.

Kuhusu vinywaji nitakujibu kwa ufupi. Kinywaji hushuka tumboni kwa njia yake, na vumbi limekaa kwenye mapafu kwa njia nyingine, havikutani. Hakuna kinywaji, dawa ya kienyeji au dawa ya hospitali inayoiondoa silika ndani ya pafu wala kulifuta kovu. Ninasikitika kulisema hili, kwa sababu najua wengi wamejifariji kwa vinywaji hivyo huku wakiendelea kufagia.

Si kweli hata hivyo kwamba hakuna la kufanya. Mtu aliyegunduliwa mapema akaondolewa kwenye vumbi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuishi miaka mingi akiwa na pumzi ya kutosha. Daktari anaweza kumpa dawa za kuzuia kifua kikuu iwapo vimelea vyake vimelala mwilini, kumpa chanjo za mafua na nimonia, kutibu pumu au mkamba ulioandamana na ugonjwa huu, na kumfundisha mazoezi ya kupumua. Silika huandamana na mengine pia: mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, nayo ni saratani ya mapafu, na sigara huizidisha hatari hiyo. Kwamba hujawahi kuvuta ni jambo jema sana kwako. Mweleze daktari vilevile kama viungo vinakuuma au kuvimba, au kama mkojo wako umebadilika, kwani vumbi hili limehusishwa na baridi yabisi na maradhi ya figo.

Wafinyanzi wamelijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Nchini Uingereza, katika karne ya 18, viwanda vya vyombo vyeupe vya Staffordshire vilianza kusaga jiwe la gumegume, ambalo ni karibu silika tupu, na wasagaji wakawa wanakufa vijana kwa maradhi ya kifua. Mwaka 1726 Thomas Benson alipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, ya kulisaga jiwe hilo ndani ya maji, na katika maombi yake aliyataja madhara ya vumbi kwa watu. Karibu miaka 300 imepita, na dawa iliyo bora kwa chumba chako ni ile ile: maji.

Kuanzia leo ufagio utoke katika chumba hicho, na usirudi. Meza, rafu na gurudumu vipanguswe kwa sifongo iliyolowa, sakafu ipigwe deki, na maji yabadilishwe mara kwa mara, maana maji ya matope yakikaukia sakafuni huacha vumbi lile lile tandiko zima. Kama mtanunua mashine ya kufyonza vumbi, iwe na kichujio cha HEPA, kile kinachokamata hata vumbi jembamba. Mashine ya kawaida ya nyumbani hufyonza vumbi nene na kulitema lile jembamba kwa nyuma, na hapo mtakuwa mmenunua feni nyingine. Feni hiyo nayo iondolewe mezani. Kinachofaa ni kivuta hewa kilichowekwa karibu kabisa na mahali vumbi linapotokea, kinacholitoa nje kabla halijapita usoni kwa mtu. Kompresa ya upepo isitumike kamwe kupulizia vumbi kwenye vyombo wala kwenye nguo.

Turubai la mezani ningelitoa. Nyuzi zake hushika udongo mwaka baada ya mwaka, na kila unapolipiga donge la udongo linakurudishia vumbi usoni. Ubao laini unaopanguswa unafaa zaidi. Mabaki ya udongo yaingie kwenye ndoo ya maji yakiwa bado mabichi, yasisubiri kukaukia mezani na kupondwa baadaye.

Binti yako aache kusugua mabakuli makavu. Chombo kimaliziwe kikiwa kimekaza lakini bado kina unyevu, kwa sifongo na kwa kisu cha kuparazia. Hapo kingo hulainika bila kutoa hata punje ya vumbi, na ninaamini mikono yake itazoea upesi. Iwapo lipo la kusuguliwa baada ya kuchomwa, lisuguliwe ndani ya maji.

Kijana wenu ndiye anayehitaji mabadiliko makubwa. Mkiweza, nunueni udongo uliokwisha kuchanganywa na maji, na vivyo hivyo kwa dawa ya kung'arishia, ili gunia lisifunguliwe kabisa. Ikibidi lifunguliwe, lisimiminwe kutoka juu. Mdomo wake ushushwe hadi karibu na maji, unga uteremke polepole, na gunia tupu likunjwe kwa utaratibu badala ya kukandamizwa, kwa sababu kulikandamiza hutoa pumzi ya mwisho ya vumbi usoni. Kitambaa alichofunga hakimkingi. Chembe tunazozizungumzia hupita kwenye nyuzi zake na pembeni mwake, na barakoa za karatasi za hospitali nazo hazibani uso. Anahitaji barakoa ya kuchuja vumbi yenye alama ya N95, FFP2 au zaidi, inayobana pande zote, na kama ana ndevu atalazimika kuzinyoa pale barakoa inapogusa ngozi, la sivyo hewa itapita kandoni. Hata hivyo barakoa ni kinga ya mwisho. Mtu anayeivaa huku mwenzake akifagia kando yake hajafanyiwa haki, na asiyeivaa katika chumba hicho hicho ndiye anayelipa.

Ili ujue jinsi kiasi kidogo kinavyotosha kudhuru, Marekani mwaka 2016 ilipunguza kiwango kinachoruhusiwa kazini hadi mikrogramu 50 za silika ya kuvutika katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Mikrogramu 50 ni takriban uzito wa chembe moja ya chumvi. Vumbi la chumba ulichokiona kwenye jua la jioni linaweza kuupita mpaka huo kwa urahisi.

Tanuri lina habari yake, na nitaigusa tu: likiwaka hutoa gesi, ikiwemo kaboni monoksidi isiyo na harufu, kwa hiyo moshi wake utolewe nje na mtu asikae humo likichoma. Bitana za nyuzi katika tanuri la zamani zisikwanguliwe zikiwa kavu, kwani joto la miaka mingi huzigeuza kuwa silika ya fuwele.

Aproni ibaki kazini. Iwe ya kitambaa laini kinachopanguswa kwa maji, isikung'utwe, na wewe nawa mikono na ubadilishe nguo kabla ya kutoka. Mjukuu aendelee kukukimbilia, ila akute nguo safi.

Swali la binti yako nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo nililohisi limekuelemea zaidi. Sioni sababu ya kumwachisha ufinyanzi. Naona sababu ya kumwachisha vumbi. Kama mabadiliko haya yatafanyika kweli, anaweza kufinyanga maisha yake yote. Kama hayawezekani katika chumba mlicho nacho, basi ni bora kazi ikasimama kwa miezi michache mkatengeneza chumba, kuliko aendelee kuongeza kila siku kitu ambacho hakitatoka. Wewe mwenyewe, hadi majibu yako yatakapotoka, usifanye kazi yoyote kavu, hata kwa siku moja.

Binti yako na yule kijana hukutaja kwamba wana dalili, lakini nao wapigwe picha ya kifua na wapime pumzi sasa, ili miaka ijayo daktari awe na kitu cha kulinganisha. Siku ya kwenda hospitali mwende wote watatu, na kila mmoja awe na karatasi yake yenye historia ya kazi, iliyoandikwa kabla ya kuondoka nyumbani.